Nyumba ya Lori na Watu Wasiotaka Kuhesabiwa

Fundi Mizani ni mtu wa kuamini anachoambiwa. Hilo tuliseme mapema, maana wapo wanaodhani ni kiburi, wapo wanaodhani ni ujinga, na wote wanamkosea. Kazi yake ni kutengeneza mizani: za wauza nyama, za wauza nafaka, zile ndogo za masonara, na zile kubwa za kupandishia magunia. Kibanda chake kimebanwa kati ya duka la viatu na mahali pa kuchomelea vyuma, na ndani mna meza moja, taa inayoning'inia juu ya meza, na makopo ya springi yaliyopangwa kwa unene. Ukimletea mizani inayodanganya, anaifungua, anaisafisha, anabadilisha springi, anaweka jiwe la kilo moja, na mshale ukisimama kwenye moja, kwake yeye mjadala umekwisha. Ameishi na mishale muda mrefu mno, mpaka anadhani na watu wako hivyo. Mtu akisema moja, ni moja.

Ndiyo maana visa vyake haviishi mtaani. Kuna siku jirani aliyekuwa anafunga geti lake alimwambia, kama tunavyosema sote tukipishana, "Karibu ndani, Fundi." Akaingia. Akavua viatu, akajituliza kwenye kochi, na jirani na mkewe, waliokuwa wanatoka kwenda harusini, wakakaa naye wakiwa wamependeza na kunukia, wanatazamana. Binamu yake alipolazwa hospitali alimwambia kwenye simu, "Usijisumbue kuja," naye hakujisumbua. Binamu hajamsamehe mpaka leo, na Fundi Mizani mpaka leo hajui kosa lake ni lipi.

Mtu huyu ndiye aliyeangukiwa na kazi ya kuamua nyumba.

Walikuwa wanakaa nyumba ya kupanga, vyumba viwili na sebule. Kimoja chake na mkewe, ambaye anapika kwenye kantini ya hospitali. Cha pili cha binti yao, anayeuza simu dukani, pamoja na dada yake Fundi, ambaye nyumba nzima na mtaa mzima humwita Dada Mkubwa. Dada Mkubwa hupiga pasi. Nguo za watu huletwa zimefungwa kwenye mashuka, naye huzipiga kwenye meza iliyosukumwa pembeni ya korido, kiasi kwamba anayekwenda bafuni sharti apite kiubavu. Ndiye aliyemlea Fundi. Wazazi wao walifariki yeye akiwa msichana wa shule na mdogo wake hata meno ya utoto hayajamaliza kung'oka. Akaacha shule, akashika pasi, ya mkaa enzi hizo, na hajaiweka chini tangu hapo.

Basi mwenye nyumba akaja na habari zake. Anataka kubomoa ajenge maduka. Hakuwafukuza, alikuwa mstaarabu, aliwaambia tu wasihangaike kupaka rangi. Kiwanja walikuwa nacho, kipande chembamba nyuma ya shule, kimekaa miaka kikiota majani. Na kila mtu waliyemjua alijenga kwa namna moja: unasimamisha chumba kimoja, unahamia, unakoroga zege mambo yakikaa sawa. Akija mtu, unaongeza chumba. Asipokuja, unaacha nondo zimechomoza juu na maisha yanaendelea. Nyumba inakua na watu wake. Lakini ujenzi wa hivyo unakula miaka, na miaka ndiyo hawakuwa nayo.

Binti ndiye aliyeleta habari ya nyumba ya kiwandani. Alimwonyesha baba yake kwenye simu: nyumba inatengenezwa vipande vipande huko kiwandani, kuta zikiwa tayari na madirisha yake, waya zake na mabomba yake, inapakiwa kwenye lori, kreni inaishusha juu ya msingi, mafundi wanakaza bolti, kazi imekwisha. Pale nyumbani ikaitwa nyumba ya lori.

"Kwa hiyo nyumba inakuja ikiwa imeshakuwa nyumba," Fundi Mizani akasema.

"Ndiyo, baba."

"Sisi tunafanya nini?"

"Tunaingia."

Hilo lilimchanganya kuliko yote. Maishani mwake hakuwahi kuona mtu akiingia kwenye nyumba yake mpya bila kwanza kukosana na mwashi, seremala na mpiga lipu.

Wakaenda wote wanne kwenye uwanja wa kampuni, ambako nyumba moja ya maonyesho ilisimama peke yake katikati ya changarawe. Fundi Mizani aligonga ukuta, ukaitika. Akagonga pembeni, ukaitika kwa sauti nyingine. Akatafuta mahali ambapo hautaitika, akazunguka nyumba nzima akigonga kama anayedai kodi. Mkewe alifungua na kufunga bomba la jikoni, ambalo halikutoa maji kwa kuwa halikuungwa popote, lakini aliendelea kulifungua na kulifunga. Binti alijipiga picha dirishani. Dada Mkubwa alibaki mlangoni na viatu mkononi, akisema hataki kuwachafulia watu sakafu, na hakuna aliyemwambia aingie, kwa sababu hakuna aliyegundua kwamba hajaingia.

"Inapima kilo ngapi?" Fundi Mizani akamuuliza mwanamke wa kampuni, dada mmoja mchangamfu aliyevaa kofia ngumu hata pale ambapo hakuna kitu cha kumwangukia.

"Hii ni masanduku mawili, baba. Kila sanduku tani saba na ushee."

Fundi akafurahi. Lilikuwa jibu la kwanza lililoingia akilini tangu asubuhi. Ila furaha haikukaa, maana yule mwanamke naye alikuwa na swali lake.

"Mtakaa wangapi?"

Wakatazamana. "Tutajua tu," akasema Fundi.

"Samahani, baba, inabidi tujue kabla. Tukishakata kuta, tumekata. Na kiwanja chenu ni chembamba. Majirani wakishajenga, kreni haina pa kupita. Huwezi kurudi mwakani ukasema niongezee chumba."

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja. Nendeni mkashauriane, mniambie nani analala wapi. Sisi tutachora."

Swali la kawaida kabisa, na aliyeuliza hakuwa na ubaya wowote. Lakini hebu fikiria, ni lini mtu wa kawaida aliwahi kuulizwa hivyo? Kwenye nyumba za tofali mtu anakuja na begi lake, anatandikiwa godoro sebuleni, baadaye anajengewa chumba, na wala haifiki siku ya mtu kusimama mbele ya wengine akatamka huyu ni wa kukaa na huyu ni wa kupita. Nyumba ya lori ilikuwa inataka litamkwe. Na aliyepewa kazi ya kulitamka ni Fundi Mizani.

Jioni ile ile, baada ya kula, akaitisha kikao. Akauliza mmoja mmoja, kwa zamu, kama anavyopanga mawe ya mizani.

"Dada, wewe utataka chumba?"

Dada Mkubwa alikuwa anakunja shati la mteja. Hakuinua uso. "Mimi msinihesabu, mdogo wangu. Mimi ni wa kupita tu. Jengeni nyinyi ambao bado mna maisha mbele."

"Sawa," akasema Fundi.

Mkewe akamtazama. Binti akamtazama. Yeye akamgeukia binti. "Na wewe?"

Binti alisita, akamwangalia shangazi yake, akaangalia chini. "Mimi si nitaondoka tu siku moja. Msinihesabu na mimi."

"Sawa. Mama, jiko unataka kubwa au dogo?"

"Lolote."

"Lolote lipi?"

"Lolote utakaloona wewe linafaa," mkewe akasema, akakusanya vikombe, ingawa watu walikuwa hawajamaliza chai.

Fundi Mizani akamshukuru Mungu kwa kumpa familia isiyo na makuu. Alikuwa amejiandaa kwa mabishano ya wiki nzima, na sasa mambo yamekwisha hata chai haijapoa. Asubuhi akapiga simu kampuni: watu wawili, chumba kimoja, jiko dogo.

"Wawili, baba?" akauliza yule mwanamke. "Si mlikuja wanne?"

"Wengine wamekataa."

"Haya," akasema, "tutachora."

Ramani ikaletwa, karatasi kubwa safi yenye mistari ya buluu, na Fundi Mizani akaibandika sebuleni juu ya televisheni, mahali ambapo kila mtu ataiona. Kila mtu akaiona.

Tangu siku hiyo nyumba ikanuna. Mkewe akawa anamjibu kwa neno moja moja. Chai ilikuja, chakula kilikuja, lakini vilikuja kama vinavyowekwa hotelini mbele ya mteja asiyejulikana. Binti alikuwa akirudi kazini anapita moja kwa moja chumbani na kufunga mlango. Na Dada Mkubwa, hapo ndipo Fundi alipopotea kabisa, Dada Mkubwa akawa na adabu. Akawa anabisha hodi kabla ya kuingia sebuleni. Akawa anamshukuru mdogo wake kwa chai ambayo wala si yeye aliyeipika. Asubuhi moja alimkabidhi shati lake, kola imesimama wima kama siku zote, akasema, "Shati lako hili, baba mwenye nyumba," na hakucheka.

Akaenda kukaa kibandani ameshika tama. Mtu amewauliza watu wanachotaka, wamemwambia, amewapa, wamenuna. Aligeuza jambo hilo juu chini, akalifungua, akalifunga tena, na halikuonyesha limeharibika wapi. Mwisho akafikia uamuzi ambao wewe na mimi tusingeufikia, lakini yeye aliufikia kwa nia njema: tatizo ni kuta. Watu hawaipendi nyumba ya lori, wanaona haya kusema.

Akaenda kwa Fundi Zege, rafiki yake wa siku nyingi, mwashi aliyejenga nusu ya mtaa ule na ambaye akisikia nyumba ya kiwandani damu inamchemka.

"Si nilikuambia," akasema Fundi Zege akikwangua mwiko wake. "Nyumba iliyoletwa na lori, lori si linaweza kuja kuichukua? Wanawake wameona mbali. Nyumba ni tofali, bwana. Ukuta ukiuegemea usisogee."

"Hausogei. Tani saba kila sanduku."

"Wewe na tani zako. Uliugonga?"

"Niliugonga."

"Ukafanyaje?"

"Ukaitika."

"Ukuta unaitika," akasema Fundi Zege, akamwangalia kwa huruma. "Haya."

Fundi Mizani akarudi nyumbani kifua mbele. "Nimeamua," akawaambia walipokaa kula. "Habari ya lori tunaachana nayo. Tunajenga kwa tofali." Akasubiri furaha.

"Vyumba vingapi?" binti akauliza.

"Kimoja. Kama mlivyosema."

Mkewe akaweka sahani chini taratibu, ule utaratibu wa mtu anayejizuia, akainuka akatoka nje. Binti akamfuata mama yake. Dada Mkubwa ndiye aliyebaki, akasema kwa sauti tamu kabisa, "Tofali ni zuri, mdogo wangu, linashika ubaridi," kisha naye akakumbuka nguo za watu.

Kwa hiyo si kuta. Sasa alichanganyikiwa moja kwa moja. Asubuhi alipiga simu kampuni akasema waendelee. Mchana akapiga akasema wasubiri kwanza. Kesho yake akasema waendelee, jioni akataka kujua kama jiko linaweza kuhamia upande mwingine, labda ni hilo. Mteja alimletea mizani ya nyama, yeye akaifunga springi ya mizani ya dhahabu, kosa ambalo hajawahi kulifanya tangu ajifunze kazi. Yule mwanamke wa kampuni, ambaye uvumilivu wake ulikuwa mkubwa lakini ulikuwa na mwisho, akamwambia kwa upole kwamba kiwanda kinaanza kukata kuta zake wiki hiyo, na akipiga tena tafadhali awe ameshaamua. Akasema sawa. Hakuwa ameamua chochote.

Ndipo Fundi Zege alipokuja kibandani. Hakuja kutania. Alisimama mlangoni akabadilisha mguu huu na huu.

"Ndugu yangu, mambo ya nyumba ya mtu mimi huwa siyaingilii," akasema. "Lakini dada yako alikuja kwangu jana. Anaulizia kile chumba changu cha uani."

"Anamuulizia nani?"

"Anajiulizia mwenyewe. Ameuliza kama kina soketi."

Fundi Mizani akaweka bisibisi mezani. Soketi. Kwa hiyo ni pamoja na pasi, ni pamoja na meza, si kwenda kutembea. Tangu azaliwe hakuwahi kulala nyumba ambayo dada yake hayumo, isipokuwa mara chache za misiba na safari. Akafunga kibanda jua likiwa utosini, akasahau hata kuzima taa, akashika njia ya nyumbani.

Alimkuta mkewe peke yake, siku hiyo hakuwa na zamu kantini. Dada Mkubwa alikuwa amekwenda kurudisha nguo za watu.

"Dada anahama?"

"Ndiyo umejua leo?"

"Anahama kwa nini?"

Mkewe akamtazama sana, kama anayetafuta aanzie wapi. "Hebu kaa, baba." Akakaa. "Wifi ulimuuliza kama atataka chumba."

"Nikamuuliza. Akasema tusimhesabu."

"Ulitaka aseme nini?"

"Aseme anataka, kama anataka."

"Mbele yako, mbele yangu, mbele ya mtoto. Mtu aliyekufuta makamasi aseme nipeni chumba. Aombe. Kwako."

"Lakini lilikuwa swali tu."

"Mtu wa nyumbani haulizwi swali lile. Ukishamuuliza, umeshamwambia kwamba inawezekana asiwepo."

Fundi akalitafuna hilo. Lilikuwa gumu kumeza. "Sasa akisema hapana, mimi nitajuaje kama ni hapana?"

"Unambembeleza. Unamwambia acha hizo, dada, utakaa wapi bila sisi. Atakataa tena. Unambembeleza tena. Kila mtu anajua hivyo."

"Mimi sikuambiwa."

"Hakuna anayeambiwa."

"Na binti?"

"Binti alimsikia shangazi yake kakataa, ukasema sawa kama umepewa chenji. Ulitaka yeye ndiye aseme anataka?"

"Na wewe na lolote lako?"

Mkewe akageuka akaitazama ramani juu ya televisheni. "Jiko lile hata mwiko hauzunguki," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu ramani ije, kicheko kikamponyoka. Kisha akakiacha, kwa sababu mumewe alikuwa hacheki.

Alikuwa anakumbuka. Zamani kulikuwa na karani mmoja wa bohari, mtu mpole mwenye baiskeli, aliyekuwa akileta shati moja lipigwe pasi hata likiwa limetoka kupigwa. Ilijulikana anafuata nini. Ikafika siku akaacha kuja, na Fundi, kijana wa sekondari wakati huo, akamuuliza dada yake kulikoni. "Mambo ya kuolewa mimi siyataki," dada akasema, "yananichosha." Akaamini. Tena akafurahi, kwa sababu dada haondoki. Walipohamia mjini, kitanda kilikuwa kimoja, na dada akasema yeye kitanda kinamuumiza mgongo, mkeka ndio unamfaa. Akaamini. Alipoanza kupata wateja wake alimwambia dada aende masomo ya jioni, na dada akasema yeye na shule hawapatani. Akaamini hilo pia. Kichwani mwake dada yake alikuwa mtu asiyetaka vitu, wapo watu wa namna hiyo, akampenda hivyo hivyo, na hakuwahi kumuuliza mara ya pili.

Sasa hakujua lipi lilikuwa kweli na lipi halikuwa. Huenda mengine yalikuwa kweli. Huenda kitanda kweli kilimuumiza mgongo. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba hakuna tena namna ya kujua, maana yule karani atakuwa amezeeka mahali fulani akiwa na wajukuu zake. Aliona aibu, aibu ya mtu mzima. Na akamsikitikia yule msichana wa pasi ambaye hakuna hata mmoja aliyembembeleza.

Akapiga simu kampuni. "Msikate," akasema.

"Baba, si tulikubaliana uwe umeamua?"

"Nichoree vyumba vitatu na jiko la mtu kugeuka. Lakini msikate mpaka nipige. Kuna mtu mmoja bado."

"Na huyo mtu asipokubali?"

"Asipokubali hakuna nyumba."

Kabla ramani mpya haijafika, mkewe alimfanyisha mazoezi jikoni. "Mimi ndiye wifi. Nimekataa. Sema."

"Sawa."

"Usiseme sawa. Neno hilo lisahau kabisa. Sema acha hizo, dada."

"Acha hizo, dada."

"Usiwe kama unatangaza habari."

Hakuweza kuwa vinginevyo, na mkewe akamwacha aende hivyo hivyo.

Dada Mkubwa alikuwa koridoni anapiga suruali ya mteja. Fundi Mizani akaikunjua ramani mpya, akaitandaza mezani juu ya suruali yenyewe.

"Dada, hiki ni chumba chako."

"Nilishasema, mdogo wangu. Mimi msinihesabu."

Ulimi wa Fundi ukaanza wenyewe kwenda kwenye sawa. Akauzuia. Jikoni mkewe akakohoa.

"Acha hizo, dada," akasema. "Utakaa wapi bila sisi."

"Nimeshapata mahali. Pazuri tu. Pana soketi."

Hili halikuwa kwenye mazoezi. Akamwangalia dada yake usoni, akitafuta dalili, na uso ulikuwa ule ule wa siku zote, ule uliosema mambo ya kuolewa siyataki na kitanda kinaniumiza mgongo. Huenda safari hii anamaanisha. Huenda amechoka na korido za watu, anataka mlango wake mwenyewe na ufunguo wake mwenyewe. Hakujua.

"Dada, mimi mambo haya siyajui," akasema mwisho. "Sijui kubembeleza. Ukisema hapana mimi nasikia hapana, ndivyo nilivyo, na nadhani nimekusikia vibaya miaka mingi sana. Kama kwa Fundi Zege unakwenda kwa kuwa unapataka, nitakubebea vitu mwenyewe. Lakini kama unakwenda kwa sababu nilikuuliza lile swali, nimekosa, dada. Nisamehe. Bila wewe hiyo nyumba haiji. Nitawaambia wasikate, tutabaki hapa hapa mpaka watubomolee."

Dada Mkubwa akaisimamisha pasi. Fundi alisimama pale hajui kama amebembeleza au ametukana. Kisha dada akatoa miwani mfukoni mwa gauni, akaipangusa kwa upindo, akaiinamia ramani.

"Huu mlango nani kauchora?"

"Watu wa kampuni."

"Unafungukia kitandani. Mtu akiamka si atajigonga."

"Basi, kama hakifai, tukiondoe hicho chumba..." Fundi akaanza kwa hofu. Kule jikoni kikohozi kikawa cha mgonjwa mahututi. Akanyamaza.

"Na hiki ni nini?"

"Dirisha."

"Hiki?" Akakipima kwa ncha ya kidole. "Hili ni tundu la panya. Mimi tangu usichana wangu napiga pasi naangalia ukuta. Rangi za kuta zote nazijua." Kidole kikasogea kwenye karatasi, kikasimama. "Meza itakaa hapa. Na hapa nataka dirisha."

Nataka. Fundi Mizani akajaribu kukumbuka mara ya mwisho kulisikia neno hilo kinywani mwa dada yake, na hakuikumbuka.

"Kubwa kiasi gani, dada?" akauliza, akipapasa mfukoni kutafuta kalamu, maana macho yalikuwa hayaoni vizuri.

Dada Mkubwa akafungua mikono. Akaitazama, akaona haitoshi, akaipanua zaidi, akaipanua tena, mpaka vidole vya mkono mmoja vikagusa ukuta wa korido upande huu na vya mkono wa pili vikagusa ukuta wa upande ule.

"Hapa nimezuiwa," akasema.